Viunzi Kumi vya Kwenda Kampala

Jumatatu, 4 Juni 1956. Muleba.

Nimepata njia ya kwenda Kampala! Mwalimu Rugemalira katangaza leo mstarini: Agosti kuna mashindano ya nchi tatu huko, Tanganyika, Uganda na Kenya. Atakayeshinda mchujo wa Bukoba anapanda meli. Yadi mia wamejiandikisha wavulana thelathini na wawili. Mbio za kuruka viunzi, mmoja tu: Philbert wa darasa letu. Nikaona hapohapo. Sihitaji kuwa na mbio. Nahitaji kumpita Philbert, basi.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu akauliza kama naomba kwenda chooni. Kicheko shule nzima.

Kaka yangu Protase yuko Kampala, mwaka wa tatu sasa. Nimemwandikia barua nne. Kimya. Lakini jina langu likitangazwa kwa kipaza sauti uwanja mzima, hawezi kusema hakusikia.

Haya siwezi kumwambia mtu. Kihaya ni cha kumjibu bibi, Kiingereza ni cha kumjibu mwalimu. Kiswahili cha daftari hili hakuna anayengoja nijibu.

Jumatano, 6 Juni.

Shule haina viunzi. Ina picha ya gazeti: Mzungu yuko hewani, mguu mmoja mbele, uso umetulia kama anakunywa chai. Nimeikariri. Viunzi natengeneza mwenyewe. Nimeazima miti kumi ya jirani yetu Ta Karugendo, ile inayoegemeza migomba yake iliyobeba. Sikumwambia. Kumwambia kungehitaji kuongea.

Ijumaa, 8 Juni.

Upepo! Migomba mitatu ya Ta Karugendo imelala chini na mikungu yake. Kaja kwa bibi, kofia mkononi, akauliza kwa heshima zote: Ma Kokugonza, waitu, huyu mjukuu wako siku hizi anakula miti? Bibi akasema afadhali angekuwa anakula, ni mwembamba mno. Nimerudisha yote kumi. Napalilia kibanja chake cha migomba mpaka Jumapili. Wakati wote huo walizungumza juu yangu kama sipo. Nimezoea.

Jumatatu, 11 Juni.

Mbinu mpya: kuruka chochote kilicho mbele yangu. Nimeruka kinu. Nimeruka mbuzi. Bibi alikuwa amekaa chini anachambua kahawa, miguu kainyoosha. Nikamruka.

Alipiga ukelele, majirani wakatoka. Kwani sijui? Ukimruka mtu lazima urudi umruke tena kule ulikotoka, la sivyo umemfunga, hakui tena! Nikauliza, bibi, kwa miaka sabini bado unategemea kukua? Hakucheka. Nikarudi, nikamruka. Akaendelea na kahawa yake.

Jumatano, 13 Juni.

Philbert kanifuata baada ya masomo. Eti ametengeneza viunzi viwili vya matete, tufanye mazoezi pamoja, mmoja aruke, mwingine atazame mguu wa nyuma. Ujanja mtupu! Anataka kunipeleleza. Nikasema nina kazi.

Nimeruka peke yangu nyuma ya jiko. Mguu wa nyuma sijui ukoje, hakuna wa kuutazama. Mruko mmoja ulikuwa mzuri sana. Nikajipigia makofi. Mbuzi akaondoka.

Jumamosi, 16 Juni. Bukoba.

Tumekuja na lori la kahawa tangu alfajiri. Viunzi vya kweli, vya mbao, vyeupe. Virefu! Tulikuwa watatu: mimi, Philbert, na Lukmani wa hapa mjini, mwenye viatu vya misumari. Lukmani akatutazama miguu yetu mitupu, akauliza tumekuja kukimbia au kuuza ndizi.

Kiunzi cha sita, Lukmani akajikwaa, akabaki nyuma. Cha nane, Philbert akaanguka, akabingirika mpaka kwenye njia yangu. Nikamruka! Vizuri kuliko yule Mzungu wa gazetini. Cha tisa. Cha kumi. Mbele yangu hakuna mtu. Maisha yangu yote sijawahi kuona utepe bila mgongo wa mtu mbele yake.

Hatua tano zimebaki. Nikamkumbuka bibi. Philbert bado amelala kule, kafungwa. Naye tayari ni mfupi.

Miguu iligeuka yenyewe. Nikaruka cha kumi kurudi, nikaruka cha tisa, nikamruka Philbert. Njiani nilipishana na Lukmani. Macho yake sitayasahau.

Akina mama wa vijijini walishangilia. Msimamizi Mzungu akamwuliza Mwalimu, kwa Kiingereza, kama nina kichaa. Mwalimu akajibu, kwa Kiingereza, kwamba ndiyo, bwana. Nilielewa swali na jibu. Hiyo ndiyo faida ya shule.

Meli atapanda Lukmani. Protase hatasikia kitu.

Jumapili, 17 Juni. Muleba.

Philbert kaja baada ya Misa, anachechemea. Kasema asante kwa kumrudia, yeye asingerudi. Mama yake kapika ndizi na samaki, anataka kuniona. Kisha akatazama chini, akasema tangu wahamie hapa hana mtu wa kukaa naye.

Mimi pia sina! Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema nina kazi. Akasema atangoja.

Kazi ipo kweli. Nimesikia kuna mchezo mwingine, kuruka juu kwa mti mrefu, mchujo Jumamosi ijayo. Wilaya nzima hajajiandikisha mtu hata mmoja. Hata mmoja! Nani ataanguka mbele yangu?

Niko nyuma ya jiko. Philbert bado yuko barazani, anamsaidia bibi kuchambua kahawa. Nawasikia wanacheka. Wataniita nikale, nitanyamaza.

Kwenye mpaka wa Ta Karugendo kuna mti mmoja mzuri, futi kumi na mbili, umenyooka. Unaegemeza mgomba mmoja tu.