Bahari Yetu ya Plasta

Jumapili, 12 Machi

Nimekubali jambo la kijinga. Kijinga kabisa! Naliandika hapa ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nililazimishwa.

Mke wangu Nieves kapiga simu kutoka Antofagasta. Huu mwaka wa pili yuko kule, anapikia wachimba shaba. Kasema anakuja Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 23, kuchukua watoto wakaishi naye. Mori ukanipanda. Nikamwambia watoto si magunia ya viazi, wataulizwa wenyewe, anayetaka kwenda aende, anayetaka kubaki abaki, na mimi Fulgencio Colque sitatia neno. Nilidhani atabisha. Hakubisha! Kasema haya, tumekubaliana. Halafu, kama kawaida yake, kaongeza kwamba hata mimi naweza kuja, chumba kipo, kitanda kipo. Nikakata simu.

Siendi. Mpakani wanadai kitambulisho. Antofagasta ilikuwa ya Bolivia, tukanyang'anywa na nchi jirani kwa vita vya zamani, bahari yetu yote ikaenda. Sasa nikabishe hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe? Mimi? Watoto wangu wamelisikia hili tangu wakinyonya.

Mama mkwe, Doña Primitiva, anayekaa chumba cha mbele na anayesikia hata nzi akipiga chafya, kaniambia: "Mkwe wangu, leo umejifunga kamba shingoni, na fundo umelikaza vizuri."

Usingizi hauji.

Jumatatu, 13 Machi

Walimu wamegoma! Mungu ni mtu wa huku kwetu Oruro. Watoto watakuwa nyumbani mpaka wiki ijayo, mikononi mwangu.

Mpango ni huu. Sitatia neno. Nitafundisha jiografia tu. Nani atanilaumu kwa kufundisha jiografia? Mtoto akishaona kwa macho na kushika kwa mikono umbali ulivyo, milima ilivyo, jangwa lilivyo, atasema mwenyewe nabaki na baba.

Kazi yangu ni kutengeneza vinyago vya mashetani wa Kanivali. Kanivali imepita, na plasta imebaki magunia matatu. Tukajenga ramani uani. Satuka ana miaka kumi na moja, akakoroga. Ovidio ana saba, akajipaka. Oruro nikaiweka katikati, kubwa kama sinia. Antofagasta nikaisukumia kule ukutani karibu na choo, ndogo kama punje ya mahindi. Katikati yake milima. Milima hasa! Ilimfika Ovidio magotini. Volkano nikazitilia macho ya kioo na pembe zilizobaki za mashetani, zitishe.

Satuka kauliza skeli ya ramani hii ni ipi. Nikamwambia skeli ni ya watoto wasiowaamini baba zao. Kaandika kwenye daftari. Yule mtoto anaandika kila kitu, sijui kamrithi nani.

Jioni tukapaka rangi. Hapo ndipo mkono uliponiponza. Pwani ilitakiwa niipake kijivu, rangi ya ugenini. Brashi ilikuwa tayari kwenye kijivu. Sikuweza. Nikaipaka nyekundu, njano na kijani, bendera yetu, mpaka kwenye maji. Mtu ana msimamo wake. Satuka kaitazama pwani, kaandika tena kwenye daftari.

Jumatano, 15 Machi

Somo la hali ya hewa. Nina chumba cha kukaushia vinyago, kidogo, chenye jiko la mkaa. Nikawaingiza watoto humo, nikafunga mlango, nikawaambia hili ndilo jangwa analoishi mama yenu. Nikakaa nje kusubiri vilio.

Kimya.

Nikafungua. Ovidio kavua koti, kavua sweta, kavua soksi mbili mbili, kalala chali sakafuni anatabasamu. Hapa kwetu watoto wanalala na kofia za sufu. Sikumbuki ni lini niliiona miguu ya mwanangu mchana kweupe. Ina vidole virefu, vya mama yake. Kafungua jicho moja, kauliza eti kwa mama kuna joto hivi kila siku? Nikasema kila siku, na ni mateso. Kasema anaomba wapike chakula wakilie humo humo.

Doña Primitiva kaleta sahani tatu. Ya kwangu hakuleta.

Ijumaa, 17 Machi

Somo la bahari. Nikajaza maji beseni kubwa la kufulia, nikamwagia chumvi konzi nane. Lengo: wakinywa, watapike. Nikaanza kuliyumbayumbisha wawe na kichefuchefu. Ovidio kanywa, katema, kacheka, kaomba zaidi! Satuka katia kipande cha plasta kikazama, katia kizibo kikaelea, kaandika.

Kelele zikamtoa Doña Primitiva. Kaangalia beseni. Kavua viatu, kaingiza miguu, kafumba macho. Kasema sugu zake hazijapata raha hii tangu siku ya harusi yake. Kauliza kama huko kwa Nieves maji ya chumvi ni mengi kushinda haya. Nikamwambia ni mengi kidogo. Kasema kama ndivyo, na yeye anakwenda!

Sasa nina watatu wa kuwazuia. Somo limerudi nyuma. Mgongo unaniuma kwa kuyumbisha beseni.

Jumamosi, 18 Machi

Somo la umbali. Hili nililitegemea. Nikawatwisha kila mmoja mkoba wenye mawe, nikawapeleka uwanja mkubwa wa katikati ya mji. Mzunguko mmoja ni sawa na kilomita hamsini. Mizunguko ishirini, mmefika Antofagasta. Nikajua wa tano watalia, wa sita watanikumbatia.

Mzunguko wa kumi na moja goti langu likalia kwo! Nikakaa kwenye benchi. Wao wakaendelea. Kila wakinipita wananipungia mkono, wananiuliza baba upo wapi sasa, nami nawajibu nimekwama mlimani. Mara ya kwanza nilicheka nao. Mara ya tatu sikuweza tena. Nilikuwa nimekaa nawatazama wanangu wakienda kwa mama yao, mzunguko baada ya mzunguko, na nilikuwa nimewafundisha njia mimi mwenyewe.

Walimaliza yote ishirini. Wakaninunulia api, ule uji wa zambarau, nikanywa huku goti limevimba. Nilichungulia daftari la Satuka. Kaandika: Mbali, lakini panafikika.

Jumapili, 19 Machi

Leo Siku ya Baba. Nimeshinda!

Asubuhi wameniletea zawadi, picha waliyoichora wawili. Bahari imejaa karatasi nzima. Sote watano tupo, hata bibi na beseni lake. Mimi nimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, nina kofia ya mabaharia, nacheka. Sina meno mengi hivyo, lakini nacheka.

Satuka kanishika mkono, kaniambia baba, mwaka huu usihuzunike. Nikauliza kwa nini. Kasema ni siri, nitajua siku ya Alhamisi. Ovidio kaziba mdomo kwa mikono miwili, karibu apasuke.

Siri gani nyingine kama si kubaki? Wanabaki! Nimekula sahani mbili. Nimemkonyeza Doña Primitiva. Kaniuliza kama jicho lina vumbi.

Alhamisi, 23 Machi

Siku ya Bahari. Nchi nzima inaandamana leo kwa ajili ya maji ambayo wengi hatujayaona. Mimi huvaa mkanda wa bluu wa kamati ya mtaa, na kila mwaka hulia. Hilo silikatai.

Nieves kafika asubuhi. Kawa mweusi kwa jua, kanenepa kidogo, kapendeza. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, yakapotea yote. Nikamuuliza kama basi lilikuwa zuri.

Tukasimama sote barabarani. Watoto wa shule wakapita na kofia nyeupe za mabaharia, kwa siku hii hata walimu walisitisha mgomo. Jukwaani msemaji kapaza sauti kwamba tutarudi baharini, umati ukaitika tutarudi. Nieves kainama, kawauliza watoto wanataka nini, wasimwogope mtu.

Ovidio kasema naenda. Satuka kasema wanakwenda wote.

Nikamuuliza kwa nini. Na huyu mtoto, na sauti yake ile ya darasani, kanieleza. "Baba, kila mwaka siku hii unalia. Unasema tutarudi, tutarudi, na harudi mtu. Si lazima mmoja aanze? Tunatangulia mimi na Ovidio. Tutakaa pale, tutakushikia mahali mpaka uje. Na ruhusa haihitajiki, ni kwetu. Uliipaka rangi wewe mwenyewe."

Ndiyo ilikuwa siri. Ndiyo zawadi yangu ya Siku ya Baba.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kuwazuia. Nikaisema. Niliipiga kwa mapafu yote: "Si yetu! Walishaichukua! Imekwisha! Ni nchi ya watu!"

Na bendi, hiyo bendi iliyopiga tangu saa mbili bila kupumzika, ikawa imenyamaza sekunde ile ile.

Mtaa mzima ukageuka. Don Melitón, mwenyekiti wetu wa kamati, mzee wa miaka themanini, kaja kwa mkongojo wake, kanivua mkanda wa bluu polepole, kaukunja. Kaniuliza kama nilizaliwa au niliokotwa. Mama mmoja muuza mishikaki kanirushia kiazi, kikanipata sikioni. Kilikuwa cha moto.

Nieves hakucheka. Satuka kanifuta sikio kwa mkono wa sweta. Kaninong'oneza: "Baba, usikate tamaa. Sisi hatujakata." Alikuwa ananibembeleza mimi!

Ningeweza kusema neno jingine. Ningeweza kusema bakini, bila nyinyi siwezi kukaa katika nyumba hii, naogopa. Lilikuwa pale mdomoni. Sijui kwa nini nilianza kuzungumzia vita.

Ijumaa, 24 Machi

Wameondoka saa sita mchana.

Doña Primitiva naye kaenda, beseni kalifunga mgongoni kwa kitambaa kama mtoto. Mlangoni kanitazama bila utani, mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili. Kasema: "Mkwe wangu, kitambulisho ni kikaratasi tu. Unawapa, wanakitazama, wanakurudishia. Hukatwi nyama."

Nikamwambia ni suala la heshima. Kasema haya, baki nayo, ikupikie.

Ovidio kanipungia mkono dirishani mpaka basi likakata kona. Nilirudi nikawasha jiko katika chumba cha vinyago, nikakaa humo peke yangu mpaka jasho likanitoka. Kweli ni raha. Nimelia sana.

Jumapili, 26 Machi

Satuka kapiga simu. Anasema maji ya bahari yana chumvi kidogo kuliko yangu. Anasema Ovidio hajavaa soksi tangu wafike, na kwamba bibi kaingia baharini na nguo zake zote na anakataa kutoka. Watu wa kule ni wazuri, jirani kawapa samaki, na hakuna aliyewauliza pwani ni ya nani.

Kisha kaniambia mahali pangu papo. Kila asubuhi anachora mstari mchangani kwa kijiti, kuzunguka, anaandika Baba katikati. Maji yanakuja yanafuta. Anachora tena. Kaniuliza nitakuja lini, kwa sababu shule itafunguliwa huko na hataweza kulinda mchana kutwa.

Nikajifanya simu inakatika.

Nieves kaichukua. Kasema tiketi yangu ipo kituoni, jina langu, Jumanne saa sita mchana. Nije na kitambulisho tu, nguo ziko kule. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla hatujaanza kugombana. Nikasema nitafikiri.

Jumanne, 28 Machi

Nimelijua kosa!

Kimo. Kimo tu! Milima ya magotini mtoto yeyote anaivuka, hata mimi ningeivuka na goti hili. Ilitakiwa ifike kiunoni. Nimeamka alfajiri, nimeibomoa yote ya zamani, nimekopa plasta kwa fundi mwenzangu magunia matano, nimeanza upya. Oruro sasa ni kubwa kama meza. Antofagasta nimeiondoa ukutani, nimeipeleka nje ya ua kabisa, uchochoroni. Kuifikia lazima utoke mlangoni.

Saa nne kitambulisho kilikuwa mfukoni. Naandika ukweli, kilikuwemo. Nilikitoa mara mbili nikakitazama. Picha ni mbaya. Saa tano nikaosha mikono. Lakini nilikuwa nimeshakoroga gunia la tatu, na plasta ikishakorogwa haimsubiri mtu, ingekauka ndani ya ndoo na ndoo yenyewe ingeharibika. Fundi gani anaacha ndoo iharibike? Nikarudi kazini. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa saba kasoro.

Si kitu. Julai kuna likizo, watakuja. Pwani nimeshaipaka, nyekundu, njano na kijani, mipako miwili safari hii, isifutike. Wakitoka mlangoni kwenda kuitafuta, wataona wenyewe ilivyo mbali.