Mafuta Yenu Yana Mtu wa Kuyapapasa, Mimi Sina

Kwa Ndugu Meneja wa Kiwanda,

Natumaini u mzima, na mafuta yako nayo yana joto la kutosha. Mimi ni mke wa fundi wako wa bomba la mafuta mazito, yule mnayemwita Kipimajoto. Naandika kwa heshima zote, ingawa damu inanichemka.

Najua mafuta yale yakipoa yanakuwa kama uji uliolala: hayapiti kwenye bomba, na tanuri linazimika. Hilo sina neno nalo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bomba limevishwa blanketi kutoka tangi hadi tanuri. Langu linaishia magotini. Nilipomwambia, alinijibu kwamba ndani yangu hakuna kinachoweza kuganda.

2. Kila saa analigusa bomba kwa mgongo wa kiganja, kichwa kakiinamisha kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Mimi mara ya mwisho kuguswa nilikuwa nimesimama kati yake na birika.

3. Bomba likishuka chini ya nyuzi hamsini, kengele inalia na watu wazima wanatimua mbio. Mimi nilinuna siku tisa. Siku ya kumi akaniuliza kama nimesuka.

4. Hata mama mkwe, ambaye hajawahi kunitetea, anasema mke mwenza wa chuma hajapata kumwona.

Kwa hiyo naomba niandikishwe kuwa kipande cha mwisho cha bomba, nipewe blanketi, mvuke wa kunipasha joto kama bomba, na kukaguliwa kila saa. Ikishindikana, basi ayaoe hayo mafuta rasmi, nami nijue kama ni mke mkubwa au mdogo.

Nisalimie karani wako, wapishi wa kantini, na bomba lenyewe. Sina ugomvi na mtoto wa watu.

Ni mimi niliyepoa,
Mke wa Kipimajoto

Nyongeza: Hayo niliyaandika Jumatatu. Jumanne asubuhi nikashikwa na homa. Akaniwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso, akasema, "Thelathini na tisa na nusu," akavua viatu vya kazi. Alinifunika koti lake, akanigusa kila saa hadi jioni, na kazini hakutuma hata salamu. Kwa hiyo, ndugu yangu, mafuta yaliyoganda Jumanne na kusimamisha kiwanda kizima, yaliganda kwa sababu yangu. Nasikia mnataka kumfukuza. Nakuomba sana, usimfukuze. Futa namba moja hadi nne, na la mama mkwe lifute mara mbili. Homa imeshuka. Kesho asubuhi nitamleta mwenyewe hadi getini.