Mafunzo ya Nyuma ya Pazia, Bila Ubaguzi

"Raia wema wa Tanga, tulieni msikilize! Serikali, kwa huruma yake isiyopimika, imekata shauri kwamba vijana wa mji huu, wa kila taifa na kila hali, bila ubaguzi wa aina yoyote, wataingizwa nyuma ya pazia!"

Gari la vipaza sauti lilizunguka na maneno hayo kutoka Makorora hadi Raskazone, na kila lilipopita wanaume waliokaa barazani waliweka chini vikombe vya kahawa wakatazamana. Ndani ya gari, kando ya dereva, alikaa aliyeyatunga: Bwana Ernesti, Msaidizi wa Ustawi wa Jamii, daraja la pili, akiwa ndani ya koti zito la sufu. Koti hilo alilipata kwa baharia mmoja aliyekuja na meli ya mkonge, na alilivaa makusudi ili mwili uanze kuzoea. Mkubwa wake, Mzungu aliyeitwa na mji mzima Bwana Ustawi, alikuwa amemwahidi kwamba mpango ukifana atapelekwa Ulaya mwaka mzima kusomea mambo ya ustawi. Mtu wa kwenda Ulaya hangoji afike ndipo aanze kuvaa koti. Jasho lilimtiririka hadi viatuni, naye akalihesabu kuwa sehemu ya masomo.

Mpango wenyewe haukuwa mdogo. Miaka ile ya katikati ya hamsini serikali ilikuwa imelipenda sana neno "mseto": Wazungu, Waasia na Waafrika wafanye kila jambo pamoja, kila mmoja kwa kiasi kinachomfaa. Mchezo wa kuigiza ulikuwa uchezwe mbele ya Mkuu wa Jimbo katika jumba jipya la serikali. Mchezo uliitwa Mfalme Mwema na Raia Wenye Shukrani. Mtunzi alikuwa Bwana Ernesti, na mfalme, baada ya msako mrefu wa mtu anayefaa, akawa Bwana Ernesti. Vijana walitakiwa wafundishwe zile kazi ambazo mtazamaji hazioni: kuvuta pazia, kushika taa, kutikisa bati ili iwe ngurumo, na kuwanong'oneza waigizaji maneno wanapoyasahau. Dar es Salaam iliziita kazi hizo kwa Kiingereza. Bwana Ernesti, aliyelelewa misheni kule Bonde, akazitia Kiswahili bila kusita hata kidogo: kazi za nyuma ya pazia.

Kamati iliundwa mara moja, na jambo la kwanza ililokaa kulijadili ni kamba. Pazia lilikuwa na kamba moja, na mseto ulikuwa na mataifa matatu. Baada ya vikao vizito kamba ilipakwa rangi tatu: sehemu ya juu ishikwe na kijana wa Kizungu, ya kati na kijana wa Kiasia, ya chini na kijana wa Kiafrika. Na kwa kuwa vijana wote wa Kizungu walikuwa mbali mashuleni, ilipitishwa kwamba sehemu yao isiguswe na mtu, kwa heshima.

Mzee Marhun, mwenye mashamba ya minazi na mjumbe wa Waarabu, aliinua mkono. "Kama sehemu ya juu haivutwi, pazia litafungukaje?"

Bwana Ustawi, ambaye ndiye mwenyekiti, alimshukuru kwa mchango wake, na kamati ikaendelea na suala la makalio. Kijana wa Kizungu atakalia kiti chenye mto, wa Kiasia atakalia kiti, wa Kiafrika atakalia jamvi, wote nyuma ya pazia lile lile. Huo ndio ulikuwa usawa, na Bwana Ernesti aliuandikia hotuba.

Siku ya kuwapokea vijana, Bwana Ernesti alisimama mlangoni na koti lake. Alasiri ilipoingia akaona kundi la mabuibui linakuja, limejifunika gubigubi, likiongozwa na mwanamke mtu mzima mwenye kanga mbili na mwendo wa kudai haki yake. Huyo alikuwa Bi Mwamvua, kungwi wa mitaa yote ya Ngamiani.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema Ernesti.

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi?"

"Liko wapi nini?"

"Pazia."

Ernesti akacheka kicheko cha kiofisi. "Bi mkubwa, hawa ni watoto wa kike."

"N'nawaona."

"Sisi tumeita vijana."

"Kwani hawa vikongwe?"

"Nina maana tulitarajia wavulana."

Bi Mwamvua akamtazama kama amtazamavyo mtu aliyeamka na homa. "Mwanangu, wewe watoka wapi?"

"Bonde."

"Aa! Basi si kosa lako. Hebu n'ambie, hapa mjini penye maulidi, penye harusi, hata penye msiba, mbele ya pazia hukaa wanaume. Nyuma ya pazia hukaa nani?"

Ernesti akayatazama tena yale mabuibui, moja moja.

"Umepita na gari lako mtaa kwa mtaa, wapiga kelele ati serikali yataka watu wa nyuma ya pazia. Baba zao wamefurahi hao! Watoto hawa wamefungiwa ndani tangu walipovunja ungo, hata bombani hawaendi. Ungewaambia wazee watoe mabinti waende mchezoni, wangekufukuza na bakora. Lakini nyuma ya pazia? Hiyo si ndiyo heshima yenyewe? Hata mzee Marhun kamleta binti yake Zeyana."

Ernesti akakimbia ofisini, koti likimpiga magotini, akaeleza balaa. Alidhani Bwana Ustawi ataamuru gari litoke tena kusahihisha. Kumbe hakuijua serikali.

"Tangazo la serikali halikosei, Ernesti," alisema Bwana Ustawi, akisafisha miwani. "Likishatoka kwenye vipaza sauti halirudi. Tangazo limesema nini?"

"Nyuma ya pazia, bwana."

"Na wao wameelewa nini?"

"Wasichana, bwana."

"Basi ndivyo tulivyokusudia. Toka mwanzo."

Jioni ile ile simu ya upepo ilikwenda Dar es Salaam kutoa habari kwamba Tanga imewatoa ndani mabinti waliofichwa, jambo ambalo hata Nairobi hawajaliota. Ernesti naye akafika nyumbani akiamini kabisa kwamba ndivyo alivyokusudia.

Matatizo madogo madogo yalibaki. Mazoezi ya kwanza, mfalme alipotaka kupanda jukwaani, sauti ya msichana ilitoka ndani ya pazia.

"Hodi huijui?"

"Mimi ndiye mkuu wa mafunzo!"

"Nasi tuko vichwa wazi," ilijibu sauti. Ilikuwa ya Asmahani, mjukuu wa Bi Mwamvua, na ilionyesha haina haraka. "Sema hapo hapo ulipo. Twasikia."

Kwa hiyo Bwana Ernesti alifundisha kazi za nyuma ya pazia akiwa mbele ya pazia, akiongea na kitambaa. Alikifundisha kitambaa ngurumo, alikifundisha taa, alikifundisha namna ya kunong'ona. Nyuma yake ilisikika minyato, vicheko na harufu ya halua. Kiti chenye mto alikuwa amekikalia Bi Mwamvua kwa sababu ya kiuno. Wengine wote, binti wa Kiarabu, binti wa fundi cherehani wa Kihindi, mabinti wa Kidigo na Yudith mtoto wa nesi, walijazana kwenye jamvi moja wakilishana halua. Ile kamba ya rangi tatu waliifungua wakawa wanaruka nayo. Hayo kamati haikuyajua, na ingeyajua ingeyakataza, kwa kuwa hayakupitishwa.

Kisha likaja suala la kufungua pazia.

"Ni lazima lifunguliwe," alisema Ernesti. "Ndiyo kazi yake."

"Likifunguliwa, wanangu watakuwa wapi?" aliuliza Bi Mwamvua kutoka ndani.

"Watakuwa nyuma ya pazia."

"Pazia lipi? Si ushalisogeza pembeni?"

Kamati ikaitwa. Ikabainika, baada ya uchunguzi wa kina, kwamba pazia lililofunguliwa halina nyuma, na mafunzo yasiyo na nyuma yatakuwa kinyume cha tangazo. Mzee Marhun akaongeza kwamba atakayefungua pazia penye binti yake wataonana. Ikapitishwa kwamba pazia lisifunguliwe kabisa na mchezo uchezwe mbele yake, kwenye ule ukingo wa jukwaa unaotosha bata wawili wapishane. Hivyo tatizo la kamba nalo likawa limekwisha, na mwenyekiti akajisifu kwa kuona mbali.

Jambo moja tu lilikuwa halijasemwa, na Bi Mwamvua ndiye aliyelisema.

"Mwanangu, mchezo ukisha, hawa wanangu je?"

"Mafunzo yatakuwa yamefungwa, bi mkubwa. Watarudi nyumbani."

"Ndani?"

"Walikotoka."

"Na jumba hili?"

"Jumba litakuwa klabu ya maofisa. Meza ya biliadi ishafika."

Nyuma ya pazia vicheko vilikatika. Kimya kile kilimpendeza Ernesti. Alikiona ni dalili ya nidhamu. Hakujiuliza mtoto aliyekaa dirishani akichungulia ulimwengu kwa tundu, akatolewa, akaonja jamvi la wenzake, anafikiri nini anapoambiwa arudi kwenye tundu lake. Swali la namna hiyo halikuwamo katika kazi za daraja la pili.

Siku ikafika. Mkuu wa Jimbo akaketi mbele kabisa, kofia ya manyoya magotini, kando yake Bwana Ustawi, na majani makubwa ya porini yaliyoletwa kutoka msitu wa Amani yakawapepea. Ukumbi ulifurika. Waliokosa nafasi walijaa uwanjani, na kwa ajili yao gari la vipaza sauti lilisimamishwa nje na mikrofoni ikawekwa mbele ya mfalme, ili hata muuza muhogo asikose shukrani za raia.

Mfalme aliingia na koti la sufu, ambalo sasa lilikuwa joho. Alikaa kwenye kiti cha enzi, magoti yakining'inia juu ya kichwa cha mpiga ngoma, mgongo ukigusa pazia. Joto lilikuwa la kupika ubwabwa. Akainuka, akaziona nyuso, akamwona Mkuu wa Jimbo, akaiona Ulaya.

"Raia wangu," alisema, na kila alichokijua kikatoka kichwani kama kuku waliofunguliwa banda.

Kwa bahati nzuri serikali ilikuwa imefundisha watu wa kunong'ona. Sauti ikaja mgongoni, ya Asmahani, isiyo na haraka. "Nawapenda kama wanangu."

"Nawapenda kama wanangu!" alinguruma mfalme. Vipaza sauti vikanguruma nje.

"Usiku silali nikiwawaza."

"Usiku silali nikiwawaza!" Makofi. Ernesti akapata nguvu. Akaacha kabisa kutafuta maneno kichwani mwake. Yalikuwa yanaletwa tayari, kazi yake ilikuwa kuyatoa tu, nayo kazi hiyo alikuwa ameizoea ofisini.

"Ila sijawahi kuwauliza wanataka nini."

"Ila sijawahi kuwauliza wanataka nini!"

Nje mtu mmoja alicheka. Mfalme akahisi sentensi ile haikuwa yake, lakini nyingine hakuwa nayo, na Mkuu wa Jimbo alikuwa anatabasamu.

"Nimekata kamba vipande vitatu."

"Nimekata kamba vipande vitatu!"

"Na cha juu nimempa ambaye hayupo."

"Na cha juu nimempa ambaye hayupo!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Bwana Ustawi aligeuka rangi ya mkonge uliokauka. Akamkonyeza Ernesti, akamkunjia ngumi, lakini Ernesti jasho lilikuwa limemziba macho, na masikio yake yalikuwa mali ya pazia.

"Kwa hiyo natangaza," ilinong'ona sauti.

"Kwa hiyo natangaza!"

"Jumba hili, kuanzia leo, ni la mabinti wa Tanga, wa kila taifa, bila ubaguzi."

Akalisema lote. Alisema na mkono juu.

"Na ofisa akitaka kuingia, apige hodi angoje."

Hilo nalo akalisema, ingawa katikati yake alianza kuelewa, na neno "angoje" lilitoka limenyong'onyea. Papo hapo bati likatikiswa nyuma, ngurumo juu ya ngurumo, na vigelegele vikapasuka kutoka ndani, vikapokewa na kina mama wa uwanjani hadi barabarani. Mfalme akaanguka juu ya kiti chake. Koti likamtoka begani, likateleza chini ya pazia, na mikono midogo ikalipokea.

Mkuu wa Jimbo alisimama. Hakuwa ameambiwa habari za tangazo hili, na mtu wa cheo chake hawezi kuonekana hakuambiwa. Akasogea kwenye mikrofoni.

"Ndivyo tulivyokusudia," alisema kwa Kiswahili safi. "Toka mwanzo."

Maneno yalitoka kwenye vipaza sauti, na yaliyotoka kwenye vipaza sauti, kama Bwana Ustawi mwenyewe alivyofundisha, hayarudi. Mzee Marhun alikuwa wa kwanza kwenda kumpa mkono. Alisema kwamba kwa miaka mingi hajaona serikali ikiheshimu pazia kiasi hicho.

Meza ya biliadi ilihamishiwa kwenye banda la punda. Mwezi haukuisha, mtu akapelekwa Ulaya kwa hasira ya Dar es Salaam, na mtu huyo alikuwa Bwana Ustawi, hakurudi. Ernesti alibaki kuwa msimamizi wa Mafunzo ya Nyuma ya Pazia, cheo ambacho hakikuwa na daraja wala mlango. Meza yake ya ofisi iko ndani ya jumba. Kila alasiri utamwona amesimama nje na shati, juani.

"Hodi!"

"Nani?"

"Msaidizi wa Ustawi wa Jamii."

"Wataka nini?"

"Koti langu."

Ndani wakacheka, kisha ikaja sauti ya Bi Mwamvua, ya upole kabisa.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Asmahani kalivaa. Leo yeye ndiye mfalme."

Akangoja.