Kobe Aliyemeza Mwezi, Kama Nilivyomwona Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano tu! Mtayarishaji amepiga simu asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni. Jumamosi anajaza ukumbi watoto wa darasa la pili na la tatu, awaonyeshe filamu yangu. Wakiipenda, inatoka. Wakiikataa, anakabidhiwa binamu yangu aikate upya.

Binamu! Mtu niliyempa mwenyewe kazi ya uhariri, kwa kuwa mama alishikilia kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Nikamjibu mtayarishaji kuwa sina wasiwasi hata chembe. Kukata simu, naona nimemeza povu lote.

Hadithi yenyewe nani asiyeijua? Kobe anameza mwezi. Msichana anaingia tumboni mwake, anamwomba autapike, mwezi unarudi angani, watu wanacheza. Basi. Kila mzazi anaisimulia hivyo hivyo. Mimi nimeitazama kwa jicho jipya. Mwezi haurudi. Msichana anabaki tumboni, na kobe anaeleza upweke wake kwa dakika kumi na nne. Nimeitolea jasho miaka mitatu.

Jumanne, 4 Juni

Mwigizaji wa sauti ya kobe amegoma. Nilimwita arudie hotuba mara ya kumi na mbili, akasema haji. Eti tangu aanze kuisoma hana raha, na mkewe amelalamika kuwa hata chai anaiomba kwa huzuni.

Sawa. Nimerekodi mwenyewe, ndani ya kabati la nguo, mahali pasipo mwangwi. Nilikuwa nimefika “nani atanikumbatia mimi mwenye gamba” mke wangu akafungua kutafuta shuka. Yowe lake limeingia lote kwenye kinasa sauti.

Nimeliacha. Linaongeza kina.

Jumatano, 5 Juni

Mama amekuja chumba cha uhariri kuona kazi ya mwanawe. Binamu akamkimbilia na kiti chenye mto. Kujipendekeza huko!

Mama alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza mwezi umekwenda wapi. Nikamweleza kuwa kutokuwepo kwa mwezi ndiyo maana yenyewe. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

“Mwanangu,” akasema, “hadithi hii nilikusimulia ukiwa na surua, upate usingizi. Sikukusimulia ili ukose usingizi maisha yako yote.”

Binamu alikohoa. Nakijua kikohozi kile. Kilikuwa kicheko.

Alhamisi, 6 Juni

Nilijua! Nilijua! Binamu alipotoka kunywa chai, nikachungulia kompyuta yake. Ana toleo lake la filamu yangu. La siri! Mwezi unarudi. Watu wanacheza. Hotuba ya kobe imebaki sekunde arobaini.

Nimekaa chooni robo saa nikihesabu vigae. Nilipotoka, binamu akaniuliza kwa upole kama naumwa. Mnafiki wa kutupwa.

Ijumaa, 7 Juni

Diski mbili mezani, zinafanana kama mapacha. Moja ina kijikaratasi kilichoandikwa “ya kaka”, yaani mimi. Nyingine, “ya akiba”. Kwa mwandiko wa binamu.

Nikawaza. Mtu mwenye toleo la siri atashindwaje kubadilisha vijikaratasi? Lazima ameshabadilisha! Lazima kwenye ile ya kaka ameweka yake! Nilitaka kuzifungua nihakikishe, nikasikia viatu vyake koridoni. Jasho likanitoka hadi kwenye nyusi. Nikabandua, nikahamisha, nikabandika.

Akaingia, akachukua diski iliyoandikwa “ya kaka”, akaipeleka ukumbini. Mimi huyo, namtazama kwa huruma. Mjinga hajui kuwa amekutana na mjanja.

Jumamosi, 8 Juni

Watoto mia na ishirini. Kelele kama kuku walioona mwewe. Nilikaa nyuma, kati ya mama na binamu, nikingoja hotuba.

Kobe akaanza. Akasema sentensi tatu. Akanyamaza!

Nikamgeukia binamu. Naye kanikodolea macho. Ile ilikuwa yake. Nilitaka kusimama nipige kelele “Zimeni!”, lakini nani angenisikia? Msichana alikuwa amemtekenya kobe kooni, na watoto wote wamesimama juu ya viti. “Tapika! Tapika!” Mwezi ukatoka, ukapanda taratibu, na kitoto kimoja mbele yangu kikaupungia mkono.

Machozi yakanitoka. Nimemwambia mama ni vumbi. Mama akanishika mkono.

Mtayarishaji akanikumbatia mbele ya walimu, akasema mimi ni fundi. Nikasema asante. Ningesema nini?

Koridoni, mbele ya mama, binamu akaniuliza nani amegusa vijikaratasi. Alikuwa ameviandika sawasawa. Toleo lake lilikuwa la akiba kweli, endapo watoto wangeikataa yangu. Tena ndiye aliyembembeleza mtayarishaji yangu ionyeshwe kwanza, maana alijua nilivyoitaabikia.

Nikasema sijui lolote. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakukohoa hata kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Mtayarishaji anataka sehemu ya pili. Mama amekuja tangu asubuhi. Anasema nimwombe binamu radhi, niseme ukweli, tuandike pamoja, na nikumbuke wale ni watoto. Nimemsikiliza kwa makini. Nimetafakari saa nzima.

Ni wazi sasa. Watoto waliipenda kwa sababu nilithubutu. Tatizo ni kwamba sikuthubutu vya kutosha.

Nimeshaanza kuandika. Msichana sasa ana miaka hamsini na minane, anagombea mirathi mahakamani. Hakuna mnyama hata mmoja. Hakuna nyimbo. Urefu, saa tatu na nusu.

Na mhariri ni mimi mwenyewe.