Saa Iliyolipima Sanamu

Haya, kitendawili changu hiki: aliingia kavaa, akatoka kapendeza, akarudi na kitambaa cha meza kiunoni. Nani huyo?

Mjini walimwita Sukari Guru, kwa kuwa maneno yake yalikuwa matamu lakini hayakukosa takataka. Siku hiyo alikuwa na shida ya suti. Jioni matajiri wangekutana hotelini, na bila suti bawabu asingempitisha. Mali yake yote ilikuwa saa moja ya mkononi, zile za kisasa zinazodai kupima afya.

Akipita uchochoro wa mafundi, akaiona suti ya kijivu, saizi yake kabisa, imevalishwa sanamu la mti dukani kwa Mama Fundi. Na Mama Fundi mwenyewe, mkono kifuani, alikuwa akimlalamikia jirani habari za presha.

"Mungu hamtupi mja wake," akajisemea Sukari Guru, utadhani wameingia ubia.

"Shikamoo, mama! Presha hiyo utaibeba mpaka lini? Saa hii inapima moyo, usingizi, hata hasira!"

"Marahaba, mwanangu. Zangu ni hasira za wateja. Itazisoma?"

"Mpaka jina la mteja!"

Mama Fundi akacheka. Binti yake alikwisha kumsumbua avae saa ya namna hiyo, ila yeye hakujua kama ingemfaa au ni pambo tu. "Hela sina."

"Nani kataja hela? Nipe ile suti tubadilishane."

"Mwenyewe aliagiza akapotelea mbali. Lakini bado haija..."

"Hivyo hivyo, mama!" Mjanja hapendi mtu apate nafasi ya kufikiri. Akamtia saa mkononi, akaivua suti mwilini mwa sanamu, akajitoma nyuma ya pazia.

Mama Fundi hakuivaa saa. Fundi hujaribu kitu kwa sanamu kwanza, ndiyo desturi ya kazi. Akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa sanamu. Saa ikawaza, ikawaka: mapigo mazuri, moyo mzima, usiku ulilala fofofo.

"Hongera, mwenzangu," akalinong'oneza sanamu. "Kumbe ulilala."

Sukari Guru akatoka akijigeuzageuza kwenye kioo. "Na hizi nyuzi nyeupe ndefu, mama?"

"Wewe unazionaje?"

"Mtindo mpya! Matajiri watakoma."

"Basi unajua mambo, baba. Nenda salama. Ila usiiname."

Nyuzi zile zilikuwa bandi, mshono wa kushikiza tu, nguo ijaribiwe kabla ya kupita cherehani.

Hotelini bawabu akampigia saluti. Tajiri wa kwanza akanyoosha mkono, na Sukari Guru, kwa adabu zake za kuazima, akainama. Krrr! Mkono wa koti ukabaki kwa tajiri. Suruali nayo ikagawanyika huku na huku, kama ndugu wanaogombea urithi.

Alirudi uchochoroni mbio, vipande kwapani, kitambaa cha meza kiunoni.

"Mama, umenitapeli!"

"Mimi? Saa yako inapima mti, suti yangu inavaliwa na mti. Zilipatana vizuri mpaka ulipojitia katikati wewe."

"Nipe basi nguo zangu nilizoacha nyuma ya pazia!"

"Vipande kwanza."

Akavitoa. "Na saa?"

"Saa ina mgonjwa wake. Usimwamshe."

Asubuhi Mama Fundi alikwenda zahanati kupimwa presha yake na mtu mwenye masikio. Suti ikapita cherehani, ikarudi kwa sanamu. Mpaka leo limesimama pale dukani, saa mkononi, na mtaa mzima hakuna mwenye afya kulishinda.