Kaunta Buku ya Afande Haijifuti

Leo nimeumbuka, tena mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Asubuhi alikuwa bado mtarajiwa.)

Mimi ndiye edimini wa grupu ya chama chetu cha wauza chumvi na vitenge hapa Bwera. Mwezi uliopita niliipanga grupu ile ili ujumbe ujifute wenyewe baada ya siku moja. Niliwaambia wenzangu maneno ya watu hayafai kukaa milele. Leo umekasirika, kesho umepoa, kwa nini simu ikukumbushe? Wote walikubali. Nilijiona mtu wa maana sana.

Wiki iliyopita tukajadili chakula cha sherehe ya chama. Mmoja akapendekeza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, ya Mama Katungu. Huyu mama alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, zamani, anauza vitenge, na binti yake Masika ndiye ninayetaka kumuoa. Mama ana simu ya tochi, grupu haioni. Basi nikaandika kwa raha zangu:

"Jamani, hiyo sombe iombewe kwanza. Mara ya mwisho nilitafuna mchanga wa barabara nzima ya Mpondwe. Hii isiandikwe popote."

Watu walicheka. Kesho yake ujumbe ukajifuta, na mimi nikasahau.

Leo ulikuwa mkutano. Mama Katungu alikuwa ameniahidi kwamba tukimaliza atanitajia siku ya kwenda kwake na wazee wangu. Nilivaa koti. (Joto la Bwera mnalijua.)

Katibu wetu ni Afande Baluku, mwanajeshi mstaafu. Akasimama, akafungua kaunta buku. "Wenye simu ya tochi, sikilizeni. Haya ndiyo yaliyosemwa kwenye grupu."

Nikauliza kwa upole, "Afande, si yalijifuta?"

"Ndiyo maana nanakili kila jioni, kabla hayajaondoka. Kaa chini."

Sheria ya chama inasema asiye na simu kubwa asipitwe na neno. Niliipigia kura mwenyewe. (Nilidhani anasoma matangazo tu.)

Akasoma habari ya lori la chumvi lililokwama Kabatoro. Akasoma tanzia. Kisha, kwa sauti ile ile ya tanzia, akasoma sombe. Akasoma mchanga. Akasoma Mpondwe. Akamalizia, "Hii isiandikwe popote. Bwambale." Akageuza ukurasa. "Ha ha ha, Biira. Ha ha, Kambale."

Biira na Kambale wakaanza kuangalia viatu vyao.

Mama Katungu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikunja mikono juu ya kitenge chake, akasema taratibu, "Mutoto yangu, macho yangu ilishazeeka. Mimi naosha sombe, naona iko safi. Kumbe haiko. Sababu gani hukuniambia mimi mwenyewe?"

Mama huyu hajawahi kuniacha nipite mlangoni kwake bila sahani ya chakula. Niliona aibu mpaka nikavua koti. Nikapiga magoti kwenye vumbi pale pale. "Mama, nisamehe. Mdomo wangu ndio wenye mchanga."

Kisha akamgeukia katibu.

"Afande, andika. Jumamosi Bwambale atakuja kwangu na wazee wake. Lakini kwanza, mbele ya kuongea mambo ya Masika, ataosha sombe yeye mwenyewe, na ataitwanga, na wazee wake wako wanaangalia."

Mkutano mzima ukapiga makofi. Mimi nilifurahi na kuona haya kwa wakati mmoja, maana siku nimepewa, lakini baba yangu mkubwa hajawahi kuona mwanamume wa ukoo wetu ameshika mchi.

Watu walipotawanyika nikamfuata afande. "Mzee wangu, angalau hiyo ya kutwanga iandike kwa penseli."

"Nimeshaandika kwa kalamu," akasema. "Na hili ombi lako nimeliandika chini yake."

Tafadhali msinicheke. Na mkishindwa, chekeni kimoyomoyo, maana afande anaandika hata ha ha.