Suruali ya Zamani na Jogoo Aliyenawiri

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Miaka minne leo tangu nipunguzwe tumbo kule Mombasa. Walitoa sehemu kubwa, wakaniachia kipande chenye umbo la ndizi. Nimesherehekea kwa shati la kuchomekea na mkanda mpya. Kanzu siku hizi naivaa Ijumaa tu, tena shingo upande. Mtu apasuliwe, ateseke, apungue, halafu ajifunike? Nani atajua?

Sista Wakio amepiga simu kutoka kliniki. Jumamosi ijayo kuna mkutano hapa Voi wa watu wanaofikiria upasuaji huo. Mmoja wetu tuliopasuliwa zamani atazungumza, na picha yake itachapishwa kubwa, itundikwe ukutani pale wagonjwa wanapongojea. Picha yangu! Kila anayekuja kupimwa presha atanikuta nimesimama pale na kiuno changu!

Kisha Sista akaharibu. Akasema anafikiria watu wawili, mimi na Obadiah wa Mbololo. Obadiah! Muuza parachichi yule! Tulilazwa wodi moja, wiki moja, na tangu siku hiyo hajaacha kunikagua kiunoni. Kila mmoja wetu aje na suruali yake ya zamani awaonyeshe watu. Ndiyo itakayoamua, kwa maoni yangu.

Sista aliuliza pia kama vitamini tulizoandikiwa baada ya upasuaji zinamezwa kila siku. Nikajibu zinamezwa kila siku. Hakuuliza ni nani anayezimeza.

Suruali nimeipata. Mke wangu Nasima alikuwa ameifunikia jenereta ya duka letu la magodoro. Nimeipangusa. Inanuka petroli lakini ni kubwa. Nimeitazama nikajionea fahari.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda Mbololo kupeleleza. Nilijidai nataka parachichi.

Obadiah alifurahi mno kuniona, jambo lililonitia shaka. Mkewe akatuandalia kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa yakapondeka, mlima mzima kwenye sahani. Kukataa chakula cha watu ni matusi. Tukala kwa vijiko vya chai, kila mmoja akimtazama mwenzake. Nilitafuna polepole. Yeye akatafuna polepole zaidi. Maji hakuna aliyegusa, maana tunajua sheria, maji na chakula havikai pamoja katika tumbo la ndizi. Mwisho wa yote ule mlima ulikuwa vilevile, na mkewe akatuuliza kama tumegombana.

Wakati wa kutoka nikaiona. Kwenye kamba ya nguo. Suruali ya Obadiah! Pana kuliko mlango wa duka langu! Ubavuni ina mistari mipana ya kahawia, kama ya mpiga tarumbeta. Sikumbuki akivaa kitu cha fahari namna ile tulipokuwa wodini. Niliumia moyo. Parachichi nimezisahau kwake.

Jumanne, 7 Oktoba

Nina akili! Nimempelekea fundi Ndulu suruali yangu pale barazani anaposhonea. Nimemwambia aipanue. Akaniuliza anipanue mimi au suruali. Nikamweleza kwamba suruali imerudi ndani kwa sababu ya petroli, anisaidie tu kuirudisha ilivyokuwa. Akauliza ilikuwaje. Nikatanua mikono. Akaniuliza kama nilikuwa naivaa peke yangu.

Nikamwambia nimeona mtindo fulani wa mistari ya kahawia ubavuni, sijui ataweza. Ndulu akatabasamu. Akasema huo anaujua vizuri sana, na kitambaa chake kimebaki. Hao ndio mafundi ninaowataka, hawakuulizi maswali mengi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mambo yamechacha.

Nasima alirudi mapema kutoka sokoni akanikuta uani. Nilikuwa namsagia jogoo wetu vitamini zangu. Nijitetee: vidonge vile ni vikubwa, vina ladha ya chokaa, na jogoo alikuwa amekonda. Amenawiri! Manyoya yanang'aa, kifua mbele, majirani wote wamemsifu. Nilidhani Nasima atanikaripia. Hakunikaripia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema mikono yangu ni baridi siku hizi, na nikipanda ngazi tatu za duka nashika ukuta, na ameniona nikilala juu ya magodoro ya kuuza mchana kweupe. Akaniomba nikapime damu kesho.

Nikamwambia nitapima, lakini baada ya picha. Nikipimwa sasa wakakuta kasoro, Obadiah atapanda ukutani. Nasima akaingia ndani na vidonge vyangu.

Halafu kuna mzani. Kilo tisa zimerudi tangu mwaka wa pili. Tisa! Sijui zilipitia wapi. Tumbo dogo, mlango mdogo, lakini halwa ni laini na huteleza bila kubisha hodi. Nimeuweka mzani chini ya kabati. Ukutani hakutakuwa na mzani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Suruali iko tayari! Ndulu ni bingwa. Tuliikunjua watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, bodaboda ikapunguza mwendo kutazama. Nikikumbuka kwamba mwili wangu ulijaza vazi lile natamani kujipigia makofi. Haukujaza, najua, lakini kwa ari ungeweza.

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Kombo alikuwa na karamu ya akika ya mjukuu wake. Zamani nilikuwa nagombewa. Nikikaa kwenye sinia watu walicheka, wakasukuma nyama upande wangu, wakasema pilau imepata mwenyewe. Leo nilimega matonge matatu nikajifuta mkono, na wale vijana wa kando wakamaliza sinia bila kunitazama. Hilo silipendi. Kilo nilitaka ziondoke, si wale watu.

Basi kuonyesha kwamba mimi ni yuleyule nikala kaimati nne na shira yake, ingawa sukari tulikatazwa.

Nilifika dukani kwa neema ya Mungu. Jasho, moyo mbio. Nikaanguka juu ya godoro la futi sita. Mteja akaingia, akauliza kama hilo godoro ni zuri. Sikuweza kusema, nikainua kidole gumba. Akalinunua papo hapo, akasema hajawahi kuona mwenye duka anayeiamini bidhaa yake kiasi kile.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike kabla sijapoa.

Ukumbi ulijaa. Nilikunjua suruali yangu kwa madaha. Watu wakashangilia! Kisha Obadiah akasimama akakunjua yake. Kahawia ubavuni. Kahawia yangu! Mistari ileile, mshono uleule, kitambaa kilekile cha sare za shule. Ukumbi ukaangua kicheko hadi viti vikalia. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti kwamba fundi Ndulu ndiye aliyenenepa. Obadiah akanitazama. Nikamtazama. Mnafiki mkubwa yule! Hana haya?

Ndipo akasimama msichana anayeitwa Daisy, ametoka Mraru, mnene, mkoba mapajani, na hakuwa amecheka. Akasema suruali ameziona. Anachotaka kujua ni je, uzito hurudi? Na je, mtu huweza tena kula na wenzake? Sista Wakio akatugeukia. Obadiah akakohoa. Mimi nikakagua mkanda wangu.

Nasima akasimama katikati ya watu, akatengeneza mtandio wake. Akasema unarudi, wa mume wake umerudi kilo tisa. (Kumbe aliuona mzani!) Akasema vitamini mume huyo anampa jogoo, na jana kaimati zilimlaza yeye mwenyewe. Ukumbi ukacheka tena. Nilitamani kuingia ndani ya ile suruali na kujifunga mkanda.

Kisha akasema hivi, nanukuu, maana sitaisahau: "Zamani nilikuwa nikilala nimemwekea mkono kifuani, nikingoja avute pumzi. Pumzi inakatika, namtikisa. Inakatika, namtikisa. Tangu apasuliwe, nalala mpaka asubuhi. Kwa hiyo dada yangu, mimi ningempeleka tena hata kesho. Lakini siku hizi mikono yake ni baridi, na mimi nimeanza kuamka tena."

 Daisy alikuwa anafuta macho. Mimi pia, ila kwangu lilikuwa joto la ukumbi. Sikujua alikuwa ananisikiliza pumzi. Miaka yote ile mimi nilikuwa nimelala.

Sista Wakio akasema amempata mtu wa picha. Nikasogea mbele. Obadiah akasogea mbele. Sista akamshika Nasima mkono.

Nilipima damu pale pale, bila kuambiwa mara ya pili. Nasima alinishikia mkono. Obadiah naye akapima.

Alhamisi, 16 Oktoba

Picha imetundikwa! Nasima yuko katikati, ameshika suruali, anacheka. Pembeni kuna kiwiko. Ni changu! Leo nimewapeleka wateja watatu kukiona, na mmoja amekiri kwamba ni kiwiko chembamba sana. Cha Obadiah hakionekani hata kidogo. Upande wake kuna swichi ya taa.

Habari nyingine njema: majibu ya damu yametoka. Yangu iko chini kuliko ya Obadiah! Kwa mbali! Nikamwuliza Sista Wakio kama kuna mwingine yeyote Taita Taveta aliyefika chini hivyo. Akasema haya si mashindano. Yeye hajui ninavyojisikia. Obadiah nimemtumia ujumbe, hajajibu, imemuuma.

Nimepewa vidonge vipya vya kuongeza damu, vyekundu. Nasima hunisimamia asubuhi mpaka nimeze, kisha hunishika vidole kuona kama vimepata joto. Nimemwahidi kwamba nimebadilika, na nilipokuwa nikisema nilimaanisha kila neno.

Kesho anakwenda Mahoo kwa dada yake, atakaa siku chache. Nimemwambia aende kwa amani, alale vizuri, vidonge nitavishughulikia mwenyewe. Jogoo ameshinda mlangoni tangu alasiri.